Kigingi Nilichokipiga Vanishi

Hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishangaza mimi. Nasema bila kuona haya. Niliingia nchi hii na patasi mbili na randa moja ndani ya mfuko wa nailoni, Kiingereza sina, kibali sina, darasa la tano ndiyo mwisho wangu, na leo kuna mkurugenzi wa benki kule Sandton kwa matajiri analala juu ya kitanda nilichokichonga kwa mikono hii. Alinipigia simu mwenyewe, hakutuma mtu, kuniambia mkewe hasumbuliwi tena na mgongo. Nimeona ghorofa nzima hapa Hillbrow ikikaa miezi bila maji na watu wakiendelea kuoana humo humo. Nimeona mtu akiuza mlango wa chumba anacholala. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 2016, alipoteremka kwenye teksi mbele ya karakana yangu mzee mmoja mwenye koti la sufu, godoro moja na makasha kumi na moja, sikushangaa. Nilitazama godoro tu, nikajua kitanda cha futi nne kitamtosha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa una chumba cha kupangisha."

"Chumba kipo, ghorofa ya pili, dirisha linatazama mtaani. Makasha haya ni ya biashara gani?"

"Si biashara. Ni kinamasi."

"Kinamasi?"

"Makaratasi ya kinamasi kimoja. Ya miaka thelathini na mitatu."

Mkongo wangu, fundi wa kuvalisha masofa, mtu wa Bukavu niliyefanya naye kazi tangu siku za mwanzo, alikuwa ameshabeba kasha moja begani. Akalitua chini upesi. "Patron, muzee anasema ndani muko matope?"

Mzee akacheka, mara ya kwanza na karibu ya mwisho kumsikia akicheka kwa sauti. "Matope nimeyaacha huko huko. Hapa nimebeba habari zake."

Alikuwa Mhaya wa Bukoba. Ujana wake wote aliusomea Ulaya, uzee wake ukamkuta akifundisha chuo kikuu kule Braamfontein, na mkataba ulipokwisha hakurudi nyumbani wala hakwenda mbele. Mke alishafariki, watoto hakujaliwa. Kila asubuhi alishuka kwa miguu hadi maktaba, kila alasiri akapanda kilima kurudi. Nilimwita Profesa. Aliniambia siku ya kwanza kwamba yeye ni daktari tu, uprofesa hakuufikia. Nikamwambia kwenye jengo hili vyeo natoa mimi. Yeye akaniita Fundi. Kwetu Mhaya hutaniwa kwamba ndiye bingwa wa kujisifu, lakini pale kwangu ilikuwa kinyume: Mhaya alikaa kimya, na mimi mtu wa Tanga nikajisifu kwa niaba ya wote wawili.

Jumamosi mchana, mashine zikishazimwa, alikuwa akishuka karakana kunywa chai. Hapo ndipo nilipoletewa kinamasi chake, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki.

Kilikuwa katika nchi moja ya baridi, kaskazini, ambako majeshi ya Warumi yalifika karibu miaka elfu moja na mia nane iliyopita.

"Warumi wa kwenye Kurani?" nikamwuliza, maana sura yao niliikariri chuoni nikiwa mdogo, kiboko kikiwa karibu.

"Ba Pilato," akasema Mkongo, mdomo umejaa misumari midogo ya sofa.

"Hao hao," akasema Profesa. "Lakini Warumi hawanihusu sana. Mimi nawatafuta watu waliokuwa wakiishi mle matopeni kabla hao hawajaja, na wakabaki humo baada ya hao kuondoka."

Ndani ya kinamasi kile kulikuwa na njia. Vigingi vimepigwa matopeni safu mbili, katikati yakalazwa matawi, juu yakawekwa magogo yaliyopasuliwa, mtu apite na mzigo bila kuzama. Matope yaliifunika ikakaa salama karne zote hizo. Wakubwa wote wa taaluma yake walikuwa wameshaandika kwamba njia ile ni kazi ya askari wa Kirumi: walipita, wakajenga, wakaenda zao. Yeye alipokuwa mwanafunzi alishuka kuichimba pamoja na wenzake, amevaa buti za mpira hadi mapajani, na alipoiona akajua wamekosea. Bibi yake mzaa mama alikuwa akivuka mafunjo kwenda shambani kwake juu ya njia kama ile, na hakuna askari aliyemjengea.

Tangu siku hiyo aliandika makala kumi na saba. Moja inahusu mbegu zilizokutwa kwenye tope, nyingine mashimo ya kukaushia chumvi, nyingine mifupa ya bata. Zote zilichapishwa, zote zinazunguka pembeni, hata moja haikusema neno lenyewe waziwazi, kwa sababu ushahidi hakuwa nao. Makala ya kumi na nane ndiyo ingesema. Mzee yule hakutaka gari, hakutaka nyumba. Alitaka kabla hajafa ithibitike kwamba ile njia waliijenga watu wa kinamasi wenyewe, kwa ajili ya miguu yao wenyewe.

Nami nikampa ushahidi. Wasomi wa nchi ngapi walizitazama zile picha kwa miaka thelathini? Aliyeona ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Alizimwaga picha juu ya meza yangu ya kupigia randa, nyeusi na nyeupe, zaidi ya mia, kila moja kigingi kimoja kilichopigwa picha upande wa ncha, pale kilipochongwa kwa shoka. Nikafuta mikono kwenye aproni. Nikazipanga, nikazipangua. Mkongo akatema misumari kiganjani aje kuangalia.

"Profesa," nikasema, "huyu mtu alikuwa wa mkono wa kushoto."

"Mtu gani?"

"Aliyechonga. Tazama mkato unavyolala. Halafu shoka lake lilikuwa na pengo. Unaona huu mstari uliotuna hapa? Shoka likiwa na pengo, kila linapopita linaacha mstari. Na hapa upo. Na hapa. Ni shoka moja hili."

Alivua miwani, akaivaa tena. "Hilo la shoka moja nililishuku," akasema. "Endelea."

"Sasa ona. Hapa mstari mnene. Hapa umepungua. Hapa umebaki kama uzi. Ni kigingi hiki kwanza, hiki kikafuata, hiki cha mwisho. Shoka lilikuwa likinolewa, pengo linaliwa. Pengo kama hili ili lifike hapa kwa kunoa jiweni, si kazi ya mwezi. Ni miaka. Mimi tezo langu la kwanza lilikuwa na pengo, lilinichukua miaka sita kulimaliza, na nilikuwa nachonga kila siku."

"Miaka sita," akarudia.

"Huyu hakuwa mpita njia. Askari mpita njia shoka likipata pengo anapewa jingine, kazi ya serikali ile. Huyu shoka lilikuwa lake. Alikuwa akikarabati. Kigingi kikioza, anachonga kipya, anapiga. Alikuwa anaishi hapo."

 Profesa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto: "Fundi, unaweza kunionyesha tena, mwanzo mpaka mwisho?"

Nikamwonyesha. Mkongo akapiga kofi begani kwangu: "Patron, sasa weye ni docteur!" Nilikubali. Wiki nzima nilimweleza kila mteja. Mwanamke mmoja Mkenya aliyekuja kuchukua kabati lake alisikiliza habari za shoka la kinamasini mpaka chai aliyopewa ikapoa.

Kila nikikumbuka siku hiyo nakumbuka na nyingine iliyofuata, na hiyo ndiyo ningeifuta kama ningeweza.

Alinipandisha chumbani kwake. Chini ya kitanda alivuta kopo la plastiki la lita mbili, lile la aiskrimu, lina kifuniko, na ndani yake maji, na ndani ya maji kipande cha mti cheusi kirefu kama shubiri moja. Kilikuwa kigingi chenyewe. Mwalimu wake wa Ulaya alimkabidhi kwa ajili ya utafiti siku alipohitimu, naye alikuwa amehama nacho nchi nne, kwenye mifuko ya maji, akibishana na maafisa wa viwanja vya ndege. Vingine vyote vilishapotea. Bohari lilihamishwa, vikasahauliwa, vikaharibika. Na kinamasi chenyewe kilikuwa kimekaushwa, kikalimwa viazi. Kwa hiyo ulimwenguni kilibaki kimoja, kile cha mstari kama uzi, chini ya kitanda cha futi nne, Hillbrow.

Nikakigusa. Kililegea kama sabuni iliyosahauliwa bafuni.

"Mbona umekiloweka?" nikauliza.

"Ni lazima, Fundi. Unajua, mti uliokaa ndani ya tope karne nyingi, ule..."

"Aa, Profesa!" Nikamkatiza. Nakumbuka niliinua mkono, hivi, kama askari wa barabarani. "Mbao unataka kunifundisha mimi? Nimezaliwa ndani ya maranda."

Akatabasamu. Alikuwa mtu wa adabu, hakupenda kumrudia mtu. Akafunika kopo, akalisukuma kwa mguu mahali pake, tukaendelea na mazungumzo mengine. Sentensi yake ilikatikia pale.

Makala ya kumi na nane akaiandika mwaka 2017 na kuimaliza mwanzoni mwa 2018. Akaituma kwa jarida huko Ulaya. Majibu yalichukua miezi. Wale waliopewa kuisoma waliandika kwamba hoja ni nzito, lakini mistari ile kwenye picha za zamani yaweza kuwa kivuli cha taa ya mpiga picha. Wangeikubali endapo kigingi kilichobaki kingepimwa kwa mashine inayosoma uso wa kitu mpaka unene wa unywele. Mashine hiyo ilikuwepo mjini hapa hapa, Braamfontein. Akaomba, akapewa tarehe. Siku hiyo alininunulia soda, yeye asiyenunua kitu, tukanywa tumesimama mlangoni.

Wiki nne kabla ya tarehe hiyo figo zikamwangusha. Mkongo ndiye aliyemkuta kwenye ngazi, amekaa, ameshindwa kuinuka, mkoba wa maktaba mapajani. Tulimpakia kwenye pikapu ya kubebea masofa, mimi nikiendesha, Mkongo nyuma amemshika, na kila roboti, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, siku hiyo ilikuwa nyekundu.

Hospitali wakamlaza. Nilikwenda kumwona kila siku ya kuona wagonjwa. Alikuwa amevimba uso, anazungumza kwa shida.

"Fundi, niangalizie chumba changu."

"Wewe pona tu. Chumba kiko mikononi mwa mwanamume."

Basi nikakiangalia. Nilifungua dirisha hewa iingie. Nilifagia. Makasha kumi na moja niliyainua moja moja nikayaweka juu ya mbao, yasinyonye unyevu wa sakafu. Kisha nikavuta kopo. Maji yalikuwa yamegeuka rangi, yananuka. Kigingi nilipokiinua kilipinda mkononi mwangu.

Mimi nikaona huruma. Hilo nataka lieleweke. Nilisema moyoni: huyu mzee ni bingwa wa vitabu, lakini mti haujui, ataupoteza wote kwa kuulowesha, na tarehe ya mashine inakaribia. Mkongo alisimama mlangoni na ndoo.

"Patron, tubadilishe mayi tu?"

"Maji ndiyo yanayoua mti. Unaoza huu."

"Lakini muzee aliweka mu mayi yeye mwenyewe."

"Muzee ni daktari wa karatasi. Daktari wa mti ni nani hapa?"

 Aliondoka na ndoo yake.

Sikukianika juani, mjinga angefanya hivyo. Nilikikausha kama ninavyokausha mninga wa mteja mkubwa: kivulini, ndani ya maranda makavu, nikikigeuza asubuhi na jioni, siku kumi na mbili. Siku ya nne kilianza kujikunja. Nikakifunga kwa mpira kati ya mbao mbili. Siku ya saba kikapasuka kwa urefu, na ncha ikaanza kubanduka magamba. Hapo mtu mwingine angeshtuka akauliza. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa, mwenye mali yuko hai kitandani, ana akili zake zote. Mimi nikasema mti mkaidi huu, nimeshaona mikaidi zaidi. Nikayaokota yale magamba kwa kibano, nikayabandika kwa gundi. Nikapitisha msasa mwepesi sana. Kisha nikakipiga vanishi, tabaka tatu, vanishi ya kitanda cha Sandton. Kiling'aa. Kilikuwa kimepungua, kimefika nusu ya unene wake wa zamani, kimejipinda kama ganda la ndizi, lakini kiling'aa. Nikakichongea na kiti chake kidogo cha mninga, kikae juu ya meza yake kama kikombe cha ushindi.

Alirudi siku ya Jumatano. Tulimpandisha ngazi polepole, akipumzika kila ghorofa. Mlangoni nikasema, "Funga macho, Profesa." Akafunga. Mwanangu wa kike, wakati huo yuko kidato cha mwisho, alikuwa amekuja na maua.

"Fungua."

Alitazama meza. Akatazama chini ya kitanda. Akatazama meza tena. Akasogea, akakichukua kigingi kwa mikono miwili, akakigeuza upande wa ncha kuelekea dirishani. Alitafuta kwa kidole gumba mahali ulipokuwa ule uzi. Alitafuta muda mrefu.

"Vanishi umeipiga vizuri," akasema.

Kisha akaomba tumwache apumzike.

Siku tatu hakushuka. Jumamosi nilimpandishia chai mwenyewe. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba kuna kitu, lakini nilitaka nisikie kwake. Akaniambia bila kuinua sauti, akitazama mtaani kwenye akina mama wauza nyanya.

"Mti uliokaa ndani ya tope karne zote hizo huliwa kutoka ndani, Fundi. Nyama yake inakwisha yote. Kinachobaki ni ngozi nyembamba na maji. Ukiutazama unadhani ni mti, kumbe ni maji yameshika umbo la mti. Ukiyatoa maji, hakuna kinachosimama."

"Mbona hukuniambia?"

Swali gani hilo. Lilishanitoka kinywani kabla sijakumbuka mkono wangu ulivyoinuka siku ile. Yeye alikumbuka pia, niliona usoni mwake. Lakini alisema tu, "Ningekwambia."

Nilimwambia nitachonga vingine. Nitatia pengo kwenye shoka langu kwa tupa, nichonge kwa mkono wa kushoto, ninoe, nichonge, tuwapelekee mia moja. Alinipigapiga mkononi. "Hiyo itathibitisha kwamba wewe ni fundi, na hilo hakuna aliyelikataa."

"Basi waandikie kwamba mimi nimeona kwa macho yangu!"

"Watauliza una shahada gani."

"Waambie darasa la tano."

Akatabasamu kidogo. Tarehe ya mashine ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alhamisi hiyo alivaa koti lake la sufu, akashuka hadi Braamfontein, nikadhani amekwenda kujaribu bahati. Kumbe alikwenda maktaba kuandika barua ya kuiondoa makala.

Akaishi miezi kumi na mmoja zaidi. Tuliendelea kunywa chai Jumamosi. Hakuninunia, hakunikwepa, na wallahi ningependa angenitukana. Aliacha tu kuzungumza habari za kinamasi. Aliniuliza habari za mbao, za bei ya msonobari, za masomo ya binti yangu. Mimi nikawa najisifu mara mbili zaidi ya zamani kujaza ile nafasi. Mkongo aliniambia siku moja, ametoa misumari yote mdomoni ili aseme vizuri: "Patron, omba muzee musamaha." Nikamwambia nimeshaomba. Sikuwa nimeomba. Nilisema nitamwomba Idi ikifika, ndiyo desturi yetu, watu husameheana siku ya Idi. Idi ikafika mwaka 2019, nikampelekea pilau na nyama, nikakaa kwenye kitanda chake cha futi nne, nikamweleza jinsi nilivyopata kazi ya kutengeneza milango kumi na sita ya hoteli. Nikaondoka. Wiki mbili baadaye, wakati wa baridi kali, alifariki asubuhi kwenye foleni ya kusafisha figo.

Watanzania wa mji huu kwenye msiba hatujambo. Waislamu, Wakristo, wa Hillbrow na wa Sandton, tulikaa karakanani juu ya masofa ambayo hayajakamilika, tukachangishana, na ndani ya siku tano mwili ukawa na tiketi ya kwenda Bukoba kwa dada yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mwenyekiti wa msiba nilikuwa mimi. Jeneza nilichonga mimi, na sikuchukua hata senti.

Chumba kikabaki na makasha kumi na moja. Wapo waliosema niwape wanunuzi wa karatasi chakavu, wanaopita na matoroli. Nikampigia simu dada yake. Akasema, "Kama unaweza kuyaleta, mwanangu, yalete. Nyumba ina nafasi. Alikuwa akiniandikia habari za hicho kinamasi tangu sina mvi." Nikamwambia yatakuja.

Nilimwita binti yangu aje anisomee kila karatasi ni ya nini, ili tuyapange. Yeye Kiswahili anakielewa, lakini akikizungumza kinatoka kama mtu anayetembea na viatu vya mwenzake. Jumapili tulikaa sakafuni. Makala ya mbegu. Makala ya chumvi. Makala ya bata. Kasha la mwisho lilikuwa na nakala ya barua ile na makala ya kumi na nane.

Akaisoma barua kimya kwanza. "Eish, Baba."

"Soma."

"Anasema anaitoa makala. Anasema kigingi kimekauka." Akafuata mstari kwa kidole. "Anasema, kimekauka kwa uzembe wangu. Wake yeye. Anasema alikuwa mgonjwa na hakuacha maelekezo."

"Jina langu lipo?"

"Hapana. Hapa hakuna." Akafunua kurasa za makala, mpaka ya mwisho, mahali ambapo wasomi hushukuru watu. "Hapa upo. Hakuandika jina, ameandika hivi: Kusomwa kwa alama hizi si kazi yangu. Kulifanywa na fundi seremala, kwa macho matupu, Jumamosi mchana."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Makala hiyo haikuchapishwa popote na haitachapishwa, na yule mtu wa mkono wa kushoto aliyenoa shoka lake mpaka pengo likaisha, vitabuni bado anaitwa askari wa Kirumi.

Nilichonga kasha la mninga, halina msumari hata mmoja, kila kona imeungwa kwa meno ya mbao yanayoumana. Lakini kabla sijayatia makaratasi ndani nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu. Nilishuka Braamfontein na binti yangu, nikavua kofia mbele ya mwanamke wa maktaba ambako Profesa alikuwa akikaa, nikamwomba binti amwulize: karatasi za zamani zinataka zikaeje? Kavu au na unyevu? Zifungwe kwa plastiki au zipumue? Vanishi ndani ya kasha inadhuru? Yule mama alinieleza nusu saa nzima. Sikumkatiza. Vanishi inadhuru. Kasha lile nimeliacha jeupe, bila vanishi, ndani na nje.

Kigingi nilikifunga kwa flaneli nikakilaza juu ya karatasi zote. Mkongo alisaidia kubeba mpaka ofisi ya mizigo ya ndege. Mwanamke wa kaunta akapima, akasema kasha peke yake ni theluthi ya uzito, tukiyahamishia kwenye makatoni tutaokoa pesa nyingi. Nikasema liende hivyo lilivyo. Akapiga hesabu, nikalipa taslimu. Kisha akasukuma fomu: yaliyomo, na thamani.

Yaliyomo binti yangu akaandika: karatasi, na kipande kimoja cha mti.

"Baba, thamani?"

Mimi nikitazama kabati upande wa pili wa barabara nakwambia bei yake. Nikamchukulia kalamu, nikasimama pale nayo. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Mwanamke wa kaunta akaona, akasema kwa upole kwamba watu wasiojua thamani ya mzigo wao huandika kile walicholipia kuusafirisha. Mkongo akatazama dari. Nikaichukua fomu kwa binti yangu, nikajaza mwenyewe, nikiitazama risiti, kwa mwandiko wangu wa darasa la tano: randi elfu saba, mia mbili na kumi na nne, na senti themanini.